Ukweli Kwanza, Maji Baadaye

Asubuhi ya mwisho Hilaria aliamka na ugomvi na kuku.

Kuku mwenyewe alikuwa mtetea mweupe aliyejichagulia kutaga ndani ya beseni la dawa. Hilaria alikuwa amemfukuza mara tatu kabla jua halijapita vichwa vya migomba. Mara ya nne alimkamata mabawa, akamtazama usoni kama anavyotazamwa mtoto mwizi wa sukari, akamwambia, "Ukitaga humu tena, jioni unaingia kwenye mchuzi." Kuku akaondoka. Hapo kitongojini Kibosho watu wote walikuwa hivyo. Hilaria akisema ondoka, unaondoka.

Mumewe, Sirili, alikuwa kwenye benchi nje ya jiko, mkono wa kulia ameubana kwapani kama mtu mwenye baridi. Hakuwa na baridi. Kidole gumba kilikuwa kinapiga kama ngoma ya kwaya, na usiku kucha hakikumpa nafasi ya kulala.

"Toa," Hilaria alisema bila kugeuka.

"Nitoe nini?"

"Ulichoficha kwapani. Kama ni yai la yule mshenzi, nipe. Kama ni kidole, nipe."

Sirili akatoa kidole.

Pembeni mwa ukucha lilisimama lengelenge la damu, jeusi, la mviringo, linang'aa kama tunda la kahawa lililopitiliza mtini. Na chini yake, kwenye nyama ya kidole, kulikuwa na vidoa vitano vyekundu vimejipanga mstari.

Hilaria alilisuuza beseni, akalijaza maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka mlimani na baridi yake yote. Akakaa mbele ya mumewe. Akauliza lile swali aliloliuliza kila aliyewahi kukalia benchi lile.

"Kimefanywa na nini?"

"Nyundo."

"Nyundo ya nani?"

"Ya Anaeli. Nilikuwa nampigia misumari kwenye zizi."

Hilaria alikitazama kidole. Akamtazama Sirili. Akakitazama kidole tena, muda mrefu zaidi. Sirili akaangalia mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika na haukumsaidia kitu.

Basi Hilaria akakizamisha kidole majini. Hakuuliza tena. Alikiacha humo mpaka kikafa ganzi, akakipangusa, akakizungushia kitambaa cha khanga kuukuu, kwa kulegeza, akaukunja mkono wote juu ya kifua cha Sirili.

"Kiweke juu hivyo, damu isikishukie. Maji baridi asubuhi na jioni, kitambaa kisafi. Na usipasue. Hata akija askofu na sindano ya dhahabu, usipasue. Ngozi hiyo ndiyo kifuniko, ukiifungua unakaribisha wageni. Siku ya kumi nitakiangalia mwenyewe."

"Haya."

"Chai iko kwenye chupa. Kuku asirudi."

Akajitwika kikapu cha mnavu na parachichi, akashika njia inayopita kwa Anaeli, kwenda kupanda gari la soko la Kiboriloni. Ilikuwa siku ya soko kama siku nyingine za soko. Saa nane mchana presha ilimwangusha kati ya mafungu yake. Jioni hakuwepo.

Sirili alipoletewa habari alikuwa anamfukuza kuku.

*

Hilaria hakusoma. Usichana wake aliumalizia kwa masista, akifua mashuka na vitambaa vya zahanati yao. Anayefua vitambaa vya zahanati miaka minne anaona mengi kuliko anayehubiriwa. Aliona kipi kinafungwa na kipi kinaachwa wazi, nani anarudi baada ya wiki anacheka na nani anarudi ananuka. Alipoolewa na Sirili alikuja na sanduku moja, beseni moja la bati, na kanuni zake.

Kanuni zenyewe zilikuwa chache. Damu ya kichwa siyo yake. Tumbo lililogongwa siyo lake. Mtu anayevimba bila kugongwa siyo wake. Hao wote aliwafukuzia zahanati, na ukizubaa alikusindikiza na ufagio. Kidole chenye mstari mwekundu unaopanda mkononi, au homa juu ya jeraha, hakukigusa. Kazi yake ilikuwa ile ya chini kabisa: damu iliyovilia, malengelenge, uvimbe wa kujigonga. Maji ya mfongo, kitambaa, ganda bichi la mgomba kuushikilia ubaridi. Hakupaka samli. Hakupaka mavi ya ng'ombe. Mtu akija amepaka dawa ya meno, alimwambia apige mswaki kabisa, kwa kuwa ameshaanza.

Lakini kanuni kubwa ilikuwa moja. Ukweli kwanza, maji baadaye.

"Siwezi kutibu uongo," alisema. "Uongo hauna mahali pa kufunga kitambaa."

Alikuja mwanamume mmoja wa kitongoji cha juu, jicho limevimba kama andazi. Akasema amepigwa teke na ng'ombe.

"Ng'ombe yupi?"

"Yule mwekundu."

Hilaria akamgeuzia uso kwenye mwanga. "Ng'ombe wako mwekundu anavaa sufuria? Maana naona hapa mdomo wa sufuria, na hapa naona sikio lake."

Mtu yule alikaa benchini saa nzima, beseni la maji baridi liko mbele yake, anaruhusiwa kulitazama tu. Mwishowe akasema. Alikuwa amekunywa mbege ya arusi ambayo mkewe alikuwa bado anaipika. Hilaria akamtia maji. Neno lile halikutoka kwenye benchi. Ng'ombe mwekundu ndiye aliyepata sifa mbaya, na baadaye aliuzwa.

Alikuja kiongozi wa kwaya amekalia lengelenge, kweli amelikalia, kutokana na baiskeli mpya. Huyo alisema ukweli haraka, lakini hakuweza kuonyesha. Hilaria alimpa kitambaa na beseni, akamwelekeza kwa mdomo kutoka nyuma ya mgomba, kwa sauti ambayo kitongoji kizima kilijifunza.

Watalii walipozidi kuja, ikaja zamu ya wapagazi. Vijana walishuka mlimani na kucha nyeusi, miguu imechorwa malengelenge na viatu vya kuazima. Isack, kijana wa jirani, alikuwa mteja wa kila mwezi. Kila mara alileta mbinu mpya aliyofundishwa na mgeni wake huko juu.

"Mama, Wazungu wanapitisha sindano na uzi."

"Wana duka la miguu huko kwao?"

"Hawana."

"Basi watunze hiyo waliyo nayo. Weka mguu majini."

Kwa hiyo benchi lile lilijua mambo ya watu kuliko kiti cha maungamo. Padri mwenyewe alilikalia, siku mlango wa gari ulipombana. Alisema ukweli mara moja. Hilaria alimsifu.

Na katika miaka arobaini ya benchi lile, mtu mmoja tu alitiwa maji bila kusema ukweli. Alikuwa mume wa mwenye benchi.

*

Ukweli ulikuwa hivi.

Kahawa ilipoanguka bei, ule wakati kila mtu aliruhusiwa kununua na hakuna aliyetaka kununua, watu wa mlimani walianza kung'oa. Hilaria naye alisimama katikati ya kihamba, shamba lao la nyumbani, mikono kiunoni, akahesabu migomba, akahesabu mibuni, akaamua. Nusu ya chini ing'olewe, ipandwe mnavu na nyanya. Sirili aling'oa. Kila shina lililotoka aliliweka chini taratibu kama mgonjwa.

Halafu Hilaria akaigeukia mashine.

Ilikuwa mashine ya mkono ya kumenya kahawa, ya chuma, ina mpini na gurudumu, ina pipa la shaba lenye vijino. Waliinunua mwaka wa mavuno mazuri, kabla Fredy, mtoto wao, hajaota meno. Msimu wa kahawa ilikuwa inalia kwenye uwanja wao alfajiri mpaka giza, na majirani walipanga foleni.

"Baba Fredy, hii inakula nafasi ya mbuzi. Watu wa chuma chakavu wanapita na pikapu yao kutoka Himo Jumamosi. Wape."

"Haya," alisema Sirili.

Jumamosi Hilaria alikwenda kusali jumuiya. Aliporudi, mashine haikuwepo.

"Wamekuja?"

"Wamekuja."

Na kweli walikuja. Ila hawakupewa mashine, walipewa ndoo mbovu. Mashine ilikuwa kwenye zizi la Anaeli, chini ya majani makavu ya migomba.

Anaeli alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua wa mimea ya masale, Mlutheri, rafiki wa Sirili tangu utoto na mpinzani wake katika mambo yote ya mfongo. Sirili alimchagua kwa kuwa aliona jicho la Mkatoliki halitatafuta kwenye zizi la Mlutheri. Waliibeba wazee wawili. Ni hatua arobaini. Walipumzika mara saba.

"Meku, mzee mwenzangu," Anaeli alisema pumziko la tano, amelala chali, "si umwambie tu kwamba unaipenda?"

"Utamwambiaje mtu unapenda chuma?"

Tangu hapo, kila Alhamisi jioni, Sirili aliaga anakwenda kwa Anaeli kuzungumzia zamu za maji. Alifunua majani, akashika mpini, akazungusha. Tupu. Kra, kra, kra. Hakumenya kitu. Alisimama tu akisikiliza, robo saa, halafu akaifunika akarudi nyumbani. Ng'ombe wa Anaeli alizoea. Eliona, mke wa Anaeli, alidai Alhamisi ng'ombe huyo anatoa maziwa zaidi.

Mashine haikupata kutu. Hilo Sirili alijivunia sana.

"Unaona, meku? Mwaka wa tatu kwenye unyevu wa zizi, haijashika hata doa. Hiki ndicho chuma."

"Chuma," Anaeli alikubali, akakohoa.

"Hata ng'ombe wako ana akili. Kila nikija namkuta anairamba. Anasikia harufu ya kahawa ya zamani."

Anaeli akakohoa tena, akatoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Alhamisi ile ya mwisho Sirili alikuwa amechuma kiganja kimoja cha kahawa mbivu kutoka mibuni iliyobaki. Alitaka kuonja ile sauti ya kweli, mashine ikiwa na kitu mdomoni. Akamimina, akazungusha. Tunda moja likakwama. Sirili akalisukuma kwa kidole gumba cha kulia huku mkono wa kushoto ukiendelea kuzungusha.

Kosa hilo hata mtoto wa Kibosho halifanyi. Mtoto wa Kibosho, kabla hajafundishwa ishara ya msalaba, anafundishwa kwamba mashine ya kahawa haijui tofauti ya tunda na kidole. Sirili mwenyewe alishawafundisha watoto wa watu hamsini.

Hapo ndipo ilipozaliwa nyundo.

*

Msiba ulipojaa uwanja, kila aliyemaliza kumlilia Hilaria alikiona kidole.

Ilikuwa kama watu walihitaji kazi ya kufanya. Mganga wa vidole amekufa, na hapo hapo kuna kidole. Isack alileta sindano na kiberiti, kwa mbinu ya Wajerumani. Mjomba mmoja wa Fredy aliyetoka mjini alisema mafuta ya breki. Mwanakwaya yule wa baiskeli alisema chumvi, akaongeza kwamba marehemu mwenyewe angesema chumvi, na Sirili akamtazama mpaka akaenda kukaa mbali.

Zaidi ya wote alikuwa Mektrida, dada mkubwa wa Hilaria. Alikuja kutoka Himo na pini kubwa imechomekwa kwenye kitenge chake kifuani, na pini hiyo haikuwa ya urembo.

"Shemeji, lete hapa."

"Hapana."

"Ni kutoboa kidogo tu. Damu mbaya itoke."

"Amesema nisipasue."

"Nani amesema?"

Sirili akalitazama benchi. Mektrida alifahamu, akajifuta macho na ncha ya kitenge. Baada ya kujifuta akasema, "Lakini kwa kweli likikomaa hivyo linaleta nyongo. Lete."

Tangu hapo Sirili alikitia kidole kwenye mfuko wa koti. Alizika na mkono mfukoni. Alipokea pole kwa kiwiko cha kushoto. Alikula makande kwa mkono usiofaa, na nusu ikaanguka kwenye suruali ya msiba. Alikitoa asubuhi na jioni tu, nyuma ya nyumba, akakitia kwenye maji ya mfongo, akabadilisha kitambaa kwa meno na mkono mmoja. Hilaria alikuwa anafunga kitambaa kikakaa kama ua. Cha Sirili kilikaa kama kiota cha ndege mvivu.

Watu wakaanza kunong'ona. Meku ameshika nini humo mfukoni hata makaburini? Jibu likapatikana upande wa wanawake, kwenye masufuria: ni ufunguo wa sanduku la marehemu. Siku ya tatu habari ilimfikia Mektrida, naye hakuwa mtu wa kukaa na habari.

"Shemeji, sisi hatuna tamaa. Lakini kama Hilaria ameacha sanduku lina neno, liseme mbele ya watu."

"Sanduku halina kufuli," alisema Sirili.

Walikwenda kuangalia. Halikuwa na kufuli. Mlikuwa na khanga zake, rozari ya akiba, na vitambaa vya kufungia vidonda vimekunjwa, vingi, vya kutosha kitongoji kizima kujigonga kwa miaka miwili. Mektrida alikaa kitandani akavipapasa kimoja kimoja. Kisha akaichomoa pini kifuani, akaiweka juu ya vitambaa, akalifunga sanduku. Hakusema tena habari ya kutoboa.

Usingizi wa Sirili haukuharibiwa na pini. Uliharibiwa na nyundo.

Aligeuza jambo lile kama mtu anavyogeuza ndizi makaani. Kama Hilaria aliamini habari ya nyundo, basi amekwenda kaburini amedanganywa na mumewe, asubuhi ya mwisho, kwenye benchi lake mwenyewe. Kama hakuamini, basi alijua, akanyamaza, akaondoka na kinyongo kikapuni pamoja na mnavu. Lipi afadhali? Mwanamke aliyetambua sikio la sufuria kwenye jicho la mtu, angeshindwaje kutambua vijino vitano vya mashine aliyoishi nayo? Na kama alitambua, mbona hakumkalisha saa nzima kama wengine? Alikuwa radhi kukalishwa. Angekaa mpaka leo.

Watu waliponyoa nywele na matanga yakaisha, uwanja ukabaki na majivu na Sirili. Fredy alitaka kumchukua kwake Arusha. Sirili akasema, "Mpaka siku ya kumi."

"Siku ya kumi kuna nini, baba?"

"Kidole."

Fredy akautazama uso wa baba yake. Alikwenda kumchotea maji.

*

Siku ya kumi Sirili aliamka mapema. Kuku alikuwa ndani ya beseni. Alimtoa, akalisuuza, akalijaza, akakaa kwenye benchi, upande wa mgonjwa. Upande wa pili hakukaa mtu.

Akafungua kitambaa.

Lengelenge lilikuwa limekwisha. Lilikuwa limekauka likawa ganda jembamba la kahawia, na lilipoguswa na maji likabanduka lenyewe, likaelea, likazama. Chini yake kulikuwa na ngozi mpya, nyekundu kama ya mtoto. Hakuna usaha, hakuna harufu. Hakuna mgeni aliyeingia. Lakini vile vidoa vitano bado vilikuwepo, vimefifia, mstari mmoja, kama vimeandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri.

Sirili hakujua kusoma, lakini hivyo alivisoma.

Akainuka akaenda kwenye ua wa masale. Kule mlimani, mtu akikukosea akaja na jani la sale mkononi, huna pa kukimbilia. Hata kama amekuchomea nyumba, jani likishafika unalipokea, unasamehe. Hakuna aliyesema kwamba mwenye kusamehe lazima awe anapumua. Kaburi lilikuwa pale chini ya migomba, hatua ishirini. Sirili alikusudia kulifikia na jani, kulichomeka kwenye udongo na kusema neno moja: mashine. Nyundo hapana. Mashine.

Alichagua jani zuri, refu, lisilotobolewa. Akalivunja. Ua wote ukatikisika. Na ng'ambo ya ua, Anaeli alikuwa anamkatia ng'ombe majani.

Anaeli aliona uso wa Sirili umesimama juu ya ua, umenyolewa kichwa, macho mekundu. Aliona na jani la sale mkononi, limeelekea kwake. Panga likamtoka.

"Hapana, meku. Hapana! Usinifanyie hivyo. Hilo jani ni mimi niliyepaswa kukuletea!"

Sirili akaganda, jani mkononi.

"Mimi ndiye niliyekosa," Anaeli aliendelea, anakuja mbio za mzee, moja ndefu mbili fupi. "Nilikuapia sitasema na sikusema. Namshuhudia Mungu. Ila yule Eliona! Mke siyo mfuko, utamfunga na nini? Alimwambia Mama Fredy wiki ile ile!"

"Alimwambia nini?"

"Mashine!"

"Wiki ipi?"

"Wiki tuliyoibeba. Hata mgongo ulikuwa haujapoa."

"Miaka mitatu?"

"Mitatu. Meku, utaniua. Kumbe wewe ulifikiri haishiki kutu kwa sababu ni chuma cha zamani? Alikuwa anakuja kila mwezi na kichupa cha mafuta ya alizeti. Ananipita hapa mlangoni, 'Shikamoo shemeji, wewe hujaniona.' Mimi sijamwona! Anafunua, anatia mafuta kila jino, anafunika vile vile kama ulivyoacha wewe, mpaka jani la mwisho."

"Na ng'ombe?"

"Anapenda alizeti."

Sirili akakaa chini, pale pale, ndani ya ua, nusu yake kwa Wakatoliki na nusu kwa Walutheri. Kitu kilimtoka kifuani, na Anaeli alisimama akingoja kujua kama ni kilio au ni kicheko, ili naye ajue afanye kipi. Kilikuwa vyote viwili. Anaeli akachagua kukohoa.

Kelele zilimtoa Eliona jikoni, mikono ina unga. Aliona jani la sale chini, akaona wanaume wawili kwenye matope. Akaelewa.

"Amekuambia," alisema.

"Shemeji," Sirili alisema, "asubuhi ile. Alipita hapa."

"Alipita."

"Alikuwa na kinyongo?"

"Nani? Hilaria?" Eliona akatikisa kichwa. "Alikuwa anacheka mpaka kikapu kilitaka kuanguka. Alisimama pale, kwenye jiwe lile."

"Alisema nini?"

"Alisema tu mambo ya..."

"Sema kama alivyosema. Usiongeze, usipunguze. Kila neno."

Eliona akajifuta unga. Akaenda akasimama juu ya jiwe. Akanyoosha shingo, akainua mkono mmoja kushika kikapu ambacho hakikuwepo, na akasema, kwa ile sauti ambayo hata kuku aliitii:

"Eliona, mashine imemng'ata mzee wangu, nimeyaona meno yote matano. Mwambie Anaeli aufunge ule mpini kwa kamba mpaka kidole kipone, na mafuta nimetia juzi, yatafika mwisho wa mwezi. Ila msimwambie kama najua. Miaka arobaini nimekaa na huyu mtu hajui kusema uongo, leo ndiyo kwanza amejaribu na nyundo yake. Msimkatishe tamaa."